Nguruwe wa Sabasaba

Siku ya pili baada ya sikukuu ya Sabasaba, Bundala mchinjaji alikuwa akinoa kisu nje ya duka la ushirika, nguruwe aliyemchinja juzi akapita mbele yake na jeraha lake shingoni, akielekea kwa mwenyekiti. Bundala alimtambua kwa sikio lililochanika. Akaendelea kunoa.

Kilikuwa kijiji cha Ujamaa, upande wa Goweko. Kabla ya kuchinja, Bundala alikuwa ameuvuta ulimi wa nguruwe yule, kama wafanyavyo wanaojua, akaona chini yake vipunje vyeupe. Akamwonyesha mwenyekiti Wenceslaus.

"Mchele huo," alisema mwenyekiti. "Nyama na wali kwa mpigo mmoja. Chinja, wageni wa wilaya wana njaa."

Watu wakala, na nyama haikuiva vizuri. Tangu hapo, kila magharibi, nguruwe aliingia nyumba mojawapo ya waliomla, akakaa kidogo, akatoka. Kwa mwenyekiti, aliyechukua kichwa, alilala kabisa.

"Mgeni wako haagi tu, mwenyekiti?" jirani yake Apolinaria alimtania.

"Na wako?"

"Wangu ana adabu. Mimi nilionja utumbo tu."

Mwaka uliofuata, Mwanahawa, mke wa Yahaya fundi cherehani, alianza kuanguka kifafa. Yahaya alitangaza barazani kwamba mkewe amekula haramu na Mungu amemuumbua, na kwamba atampa talaka.

"Mimi, Baba Tatu?" alisema Mwanahawa. "Hata moshi wake niliukimbia!"

"Kifafa cha nguruwe umekiokota wapi, basi?"

Bwana afya alikuja kwa baiskeli, akaeleza. Aliyekula nyama yenye vipunje vile hupata mnyoo tumboni, na mayai ya mnyoo hutoka naye anapokwenda haja. Asiponawa mikono, anayekula naye sahani moja huyameza, nayo hupanda hadi kichwani. Mwenye kifafa si lazima awe amemla nguruwe. Kisha akauliza vyoo viko wapi. Mwenyekiti akamwonyesha: vyoo kumi, vimepakwa chokaa, vyote vina kufuli.

"Vikitumika vitachafuka," alieleza. "Wageni watatuonaje?"

Watu walikwenda porini, na nguruwe wa kijiji waliwafuata huko.

"Sasa Mwanahawa anakula sahani moja na nani?" aliuliza Apolinaria.

Magharibi ile nguruwe aliingia kwa Yahaya. Alimpita Mwanahawa bila hata kumnusa, akajilaza chini ya cherehani, kidevu juu ya mguu wa fundi. Watu wakajaa mlangoni.

"Kumbe zile mbavu zilizopotea ni wewe, shemeji!" alisema Bundala. "Mimi nikawasingizia mbwa."

"Tangu lini nguruwe akawa shahidi?" alisema Yahaya.

Mwenyekiti alifikiri, akaona hoja ina uzito. Baraza lilikuwa halijawahi kupokea ushahidi wa nguruwe, tena marehemu. Talaka ikapita.

Mwanahawa alifunga khanga zake, akambeba mwanawe Tatu mgongoni, akashika njia ya stesheni ya Goweko kungoja treni ya Tabora, arudi kwa wazazi wake. Apolinaria alimsindikiza ili akianguka njiani mtoto asiumie.

Yahaya alikuwa na sare za shule za kumaliza. Akaketi, akakanyaga pedali, ikagoma.

"Sogea," alimwambia nguruwe.

Nguruwe akasogea kidogo, na cherehani ikaanza kulia.