Nimebaki na Kusikia

Jina lake halisi mtaani lilishasahaulika. Kila mtu alimwita Risasi, kwa ajili ya ile risasi ya kulehemu nyaya aliyokuwa akiinusa tangu usichana wake, na mgeni akiambiwa "simu yako mpelekee Risasi" hugeuka kwanza kutazama nyuma. Mikono yake haikuwahi kusita mbele ya simu ya mtu, hata ya mwenye kelele. Asubuhi ile ilikuwa inasita, naye alikuwa ameikasirikia.

Mbele yake, juu ya taulo lililokunjwa, kilikuwa kimelala kichwa cha treni kidogo, urefu wake kiganja na nusu, kimevuliwa ganda lake la juu, matumbo yote nje. Baba mkwe wake alikiunda mwenyewe zamani, macho yalipokuwa macho: ngazi za pembeni, vishikio vya milango, hata kifuta mvua cha kioo cha dereva. Mzee huyo alikuwa ameendesha treni za kweli mpaka alipostaafu, kwa hiyo hata majirani walimwita Dereva. Chumba chote cha nyuma alikuwa amekijaza meza moja kubwa yenye reli inayozunguka, stesheni upande huu, daraja upande ule.

Sasa macho yalikuwa yanakwenda. Daktari hakumzungusha: yaliyoondoka hayarudi, na yaliyobaki yataondoka. Dereva aliona mwanga wa dirisha na vivuli vya watu, basi. Treni yake akiiwasha hakujua tena imefika wapi, na siku ilipoacha reli ikabwagika sakafuni alikaa kitako na kusema, "Kama sijui treni yangu iko wapi, mimi si dereva. Hii ikinishinda tena, meza ivunjwe." Na Dereva hakuwa mtu wa kusema kitu kwa kujifurahisha.

Ndipo likaja wazo la dekoda. Ni kidude chembamba kuliko ukucha wa kidole gumba, kinachokaa ndani ya kichwa cha treni, kikipokea amri kupitia reli na kuiambia mota iende, ipunguze au irudi nyuma. Hii ilikuwa na spika yake pia: injini inanguruma, breki zinalia, na sauti inasafiri pamoja na treni. Mtu anaweza kuifuata kwa masikio tu. Ikifanya kazi, Dereva angeendelea kuendesha hata gizani.

Tatizo ni kwamba hii ilikuwa ya pili. Ya kwanza iliungua Jumapili iliyopita mikononi mwa mume wa Risasi, aliyetaka kumshangaza baba yake, huku mzee amesinzia kitini. Bwana huyo ni mtu mwema, ila wema hauunganishi waya. Alisahau sheria ya kwanza ya kazi hii: mota isiguse bodi, yaani fremu ya chuma inayobeba magurudumu. Kwenye vichwa vya zamani, upande mmoja wa mota umekaa juu ya chuma cha bodi na kuchukua umeme hapohapo. Dekoda haivumilii hilo, lazima umeme wote upitie kwake. Akawasha, ikatoa moshi mwembamba, ikafa. Alimletea mkewe dukani imefungwa kwenye karatasi laini kama kifaranga kilichokufa. Kwa baba yake alisema mzigo haujafika.

"Namlinda tu," alisema. Risasi akakubali kunyamaza.

"Umefika wapi, mwanangu?" Dereva aliuliza. Alikuwa amekaa karibu kabisa na meza ya kazi, uso ameuelekeza kwenye mikono asiyoiona.

"Nimetoa waya za mota, Baba. Sasa napima."

Aligusisha ncha moja ya mita kwenye mota, nyingine kwenye chuma cha bodi. Mita ikalia piii, sauti kali iliyomchoma Risasi mpaka kwenye meno.

"Hiyo nini?"

"Mita, Baba. Inalia umeme ukipata njia."

"Na sisi tunataka ilie?"

"Hatutaki."

Akakung'uta vumbi, akaweka plastiki nyembamba chini ya mota, akazungushia tepu, akapima tena. Piii. Jasho jembamba likamtoka. Mumewe, aliyekuwa akizurura mlangoni, akasema labda mita ni mbovu.

"Mita nzima. Sogea, unaniziba mwanga."

Alifungua kila kilichofunguka upande wa juu. Mita iliendelea kulia vilevile, na moyoni mwake Risasi alianza kuiona ile meza ikivunjwa, reli zikitiwa kwenye maboksi, na mzee akibaki na redio na ukuta. Hilo lilimtia uchungu hata akaweka bisibisi chini.

"Skrubu gani umegusa?" Dereva aliuliza taratibu.

"Za juu zote, Baba."

"Na ya chini?"

"Ya chini inayoshika mota ni ya plastiki, haina neno."

"Ilikuwa ya plastiki." Mzee akakohoa. "Ilikatika, nikaweka ya chuma. Halafu nikaipaka rangi nyeupe ili isionekane tofauti."

"Baba!"

"Sasa nifanyeje? Nilikuwa kijana, napenda urembo."

Risasi alicheka peke yake, cheko la mtu aliyenusurika. Akaikwaruza ile skrubu kwa ncha ya kisu, na kweli, chini ya rangi kulikuwa na chuma kinachong'aa. Akaing'oa, akaweka ya plastiki aliyoichomoa kwenye redio iliyokufa, akapima. Mita ikanyamaza. Mlangoni mumewe alinyoosha shingo kuitazama ile skrubu. Ndiyo kwanza anagundua kwamba kosa la Jumapili halikuwa lake peke yake, na hawezi kujitetea bila kuimwaga siri yake mwenyewe.

Kazi iliyobaki ilikwenda: waya nyekundu na nyeusi kwenye magurudumu, za rangi ya chungwa na kijivu kwenye mota, spika chini ya paa. Risasi akafunika ganda, wakahamia chumba cha nyuma. Akakiweka kichwa juu ya reli na kumpa Dereva rimoti, kidole gumba cha mzee akakipeleka juu ya kitufe cha kuzungusha.

"Washa, Baba. Polepole."

Injini ikakohoa, ikanguruma. Uso wa Dereva ukafunguka wote, midomo ikamcheza. Akazungusha kitufe, mngurumo ukapanda. Risasi alikuwa ameinama kuokota bisibisi lililoangukia chini ya meza.

"Inatembea?" mzee aliuliza.

Mume wa Risasi alikuwa karibu zaidi. Aliutazama uso wa baba yake, akashindwa kusema la kweli. "Inatembea, Baba! Inatembea vizuri!"

"Mbona naisikia palepale?"

"Ni chumba kinarudisha sauti. Ongeza, ongeza."

Dereva akaongeza. Risasi akainuka na bisibisi mkononi, akaona magurudumu. Yalikuwa yamesimama kama yamegandishwa. Sauti hutoka kwenye dekoda na kutii kitufe hata treni isipojongea hatua moja, lakini mota iliyokwama ikizidishiwa umeme huungua, na hii haina nyingine.

"Zima! Baba, zima! Imesimama! Haijatembea hata kidogo!"

Kidole cha mzee kilirudisha kitufe chini kabla Risasi hajamaliza kusema. Risasi alikifungua kile kichwa kwa haraka ya kufa na kupona, akagusa mota. Ilikuwa ya moto wa kuondoa kidole. Waya wa kijivu ulikuwa umebanwa katikati ya meno ya gia. Waya wa kijivu ulikuwa umebanwa katikati ya meno ya gia.

"Ni mimi," alisema, akihema. "Nimeubana wakati nafunika. Mota nzima."

Dereva aligeukia upande aliokuwa amesimama mwanawe.

"Jumapili nilisikia harufu ya waya kuungua. Nikakuuliza. Ulinijibuje?"

Mwanawe akamtupia mkewe jicho.

"Nakuuliza wewe."

"Nilisema hakuna harufu, Baba."

"Ulisema hakuna harufu. Tangu siku hiyo nanusa kila kitu. Nanusa sabuni, nanusa shati langu, nanusa ukuta kama mwendawazimu, nikidhani na pua imekwenda. Macho yanaondoka, sawa, nimekubali. Nimebaki na kusikia. Sauti nasikia, harufu nasikia. Halafu mwanangu wa kunizaa anakuja kuniambia sisikii!"

"Niliunguza dekoda ya kwanza," mwanawe alisema. "Niliogopa utavunjika moyo."

"Ningevunjika siku moja, yakaisha. Na leo je? Ningeunguza mota yangu kwa mkono wangu, wewe unanipigia makofi!"

"Hata mimi nilijua, Baba," Risasi alisema.

"Najua ulijua. Jioni nilipokuuliza nawe habari ya harufu, ulinijibu chai iko tayari."

Aibu ilimpanda Risasi mpaka masikioni. Akanyoosha ule waya, akaubandika kwa tepu mbali na gia, akafunika upya na kukirudisha kichwa relini. Dereva akanyoosha mkono, akamshika mwanawe kwenye mkono wa shati na kumvuta hadi ukingo wa meza.

"Simama hapa. Wewe ndiye utakayenitazamia."

Injini ikanguruma tena. Safari hii sauti iliondoka. Ilipita ukutani, ikakata kona, na uso wa mzee ukaifuata kama unavutwa kwa kamba. Ilipobadilika kana kwamba chini yake kuna uwazi, alisema, "Daraja," na kweli ilikuwa darajani. Alikuwa anatabasamu mno, jasho likimtiririka shingoni. Sauti ikazunguka, ikakaribia stesheni. Akapunguza, akapunguza tena. Breki zikalia. Kimya.

"Nimesimama wapi?"

Mwanawe alitazama reli, kisha akautazama ule uso uliojaa furaha. Risasi alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Umepitiliza, Baba."

Tabasamu la mzee lilififia. "Kiasi gani?"

"Kichwa chote kiko nje ya stesheni. Na kidogo zaidi."

"Kichwa chote na kidogo," Dereva alirudia. Kidole chake kikatafuta kitufe cha kurudi nyuma. "Haya. Narudi. Usiache kuniambia."

Mwanawe akapiga magoti mpaka jicho lake likawa sawa na reli, akaanza kumwambia.