Chatu Aliyemeza Treni

Fundi cherehani hakupenda watu wajue anachotazama mchana. Zilikuwa filamu za wanyama hatari, na kadiri zilivyokuwa za uongo ndivyo zilivyomkolea: papa ndani ya bwawa la hoteli, buibui wakubwa kama malori, mamba aliyepanda lifti. Mume akiwa kazini, alikaa kitako mbele ya runinga na shati la mteja mapajani, akipachika vifungo huku watu wakiliwa.

Kisha mama mkwe akateleza bafuni kwake, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali, daktari alisema asipande ngazi miezi miwili, na kwake kulikuwa juu ghorofani. Basi akaletwa kwa mwanawe, kitanda kikawekwa sebuleni.

Mama mkwe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Wanafunzi walimwita Kengele, kwa kuwa alipotokea kelele zilikoma. Hata mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu, alitoa mikono mifukoni mama yake akikohoa. Wiki ya kwanza wanawake wale wawili walisalimiana, wakaulizana habari za maumivu, basi. Kilichoongea ni cherehani.

Wiki ya pili, fundi akidhani mgonjwa amelala, aliwasha runinga akapunguza sauti. Chatu alikuwa akimeza treni, behewa moja baada ya jingine.

"Tumbo gani hilo?" sauti ikauliza kutoka kitandani.

Fundi aliomba radhi akiitafuta rimoti. Mama mkwe akamwambia aiache, anataka kumwona yule profesa aliyeingia kwenye handaki peke yake na tochi. Profesa hakumaliza hata sentensi. Mama mkwe alijifunika shuka hadi puani, akacheka mpaka nyonga ikamuuma.

Tangu siku hiyo saa nane ikawa saa yao. Walibishana nani ataliwa kwanza, na mama mkwe aliwapa wahusika maksi za akili, wengi wakafeli.

Siku moja ilikuwa zamu ya mbwamwitu waliozingira shule. Mwalimu alikuwa ameegemea mlango kwa mgongo, watoto nyuma yake, makucha yakichana mbao. Mama mkwe alimshika fundi mkono, akaubana kweli kweli. Fundi akauliza kama azime.

"Usizime. Naogopa vizuri." Hakuuachia mkono. "Maisha yangu yote mimi ndiye niliyetisha. Nyumbani nako baba yenu alikuwa na moyo mbovu, hatukuthubutu kumshtua. Siku ya upasuaji wa nyonga hii nilimwambia mumeo aende kazini, sina wasiwasi. Nilikuwa natetemeka, mwanangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Miaka sita fundi alikuwa amepima kila neno mbele ya mama huyu, na haikuwahi kumpitia akilini kwamba upande wa pili nako kuna mtu mwenye hofu. Sindano ilikuwa bado vidoleni. Akaichomeka kwenye kitambaa.

"Mimi, Mama, nilikuwa nakuogopa wewe."

"Najua. Ndiyo maana nikija kwenu sikukaa zaidi ya siku mbili."

Mlango wa shule ulivunjika, nao hawakuona ni nani aliyepona.

Miezi miwili ilipokwisha, mama mkwe alirudi kwake akitembea na mkongojo. Sebule ikawa pana kupita kiasi. Fundi alijaribu filamu moja ya kaa wakubwa, akaizima katikati. Peke yake haikunoga.

Jumamosi iliyofuata simu ikaita. Mama mkwe hakusalimu hata. Alitaja chaneli, akasema nyuki wameteka uwanja wa ndege na filamu imeanza dakika kumi zilizopita. Fundi akaweka simu kwenye spika, juu ya meza ya cherehani, wakatazama kila mtu kwake, wakisikilizana pumzi.

Mume aliingia akauliza anaongea na nani. Akaambiwa anyamaze kwanza, rubani anataka kufungua mlango.