Kila Tundu, Kadi Moja

Wivu wa Mzee Waya ulianzia kwenye kiti. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiingia chumba cha mitambo cha ofisi ya upimaji ardhi na kukalia kiti kile kile chenye gurudumu bovu, na hakuna mtu aliyethubutu kukigusa. Jumatatu hiyo alifungua mlango akamkuta shemeji yake amekikalia, tena gurudumu amekwisha kulitengeneza.

"Karibu, shemeji," jamaa alisema, akainuka. "Nimekutengenezea usafiri wako. Ulikuwa unakwenda upande kama kaa."

Mzee Waya alicheka, maana utani wa mashemeji haukatazwi. Lakini moyoni palimchoma.

Shemeji huyu alikuwa mdogo wa mwisho wa mkewe. Mzee Waya ndiye aliyemwingiza kazini. Ndiye aliyemfundisha kupanga nyuzi nane za waya wa mtandao kwa rangi zake na kuzibana kwenye kichwa cha waya bila kuachia hata moja. Kisha jamaa akaenda masomoni miaka miwili, akarudi na hoja mpya: mashine saba za kompyuta zilizojaa chumbani, kila moja na feni yake na kelele zake, ziondolewe, na mahali pake iwekwe moja kubwa. Ndani ya hiyo moja zingekaa mashine pepe saba, ya ramani, ya barua, ya majalada na nyinginezo, kila moja ikijiona ina mwili wake.

Mkurugenzi, mama asiyependa maneno mengi, alikuwa ametamka mbele ya wote: "Alhamisi saa nne asubuhi nataka kuziona zote saba kutoka mezani kwangu. Nikiziona, shemeji mtu ndiye mkuu wa chumba. Nisipoziona, tunarudi kwenye mambo yetu ya zamani na Mzee Waya anaendelea."

Kwa hiyo cheo kilikuwa mezani. Lakini lililomuuma Mzee Waya zaidi lilikuwa nyumbani. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa na sauti fulani ya kusifia, ya chini, ya polepole, na zamani sauti hiyo ilikuwa yake peke yake. Sasa kila jioni ilikuwa, "Ndugu yangu huyu! Mashine saba ndani ya moja! Wewe uliwahi kusikia?"

"Nimewahi kusikia mwanamke mjamzito wa mapacha," alijibu siku moja. "Wala haikuandikwa gazetini."

Mama Pacha aliinuka, akakusanya vyombo.

Jumatatu hiyo hiyo mashine kubwa ilisimamishwa kwenye kabati. Mzee Waya mwenyewe aliivutia waya hadi kwenye swichi, lile sanduku la matundu linalounganisha mashine zote za ofisi, akaichomeka tundu la tatu na kuiandikisha. Shemeji akajenga daraja, ndivyo wanavyoliita: njia ndani ya mashine kubwa inayowaunganisha wapangaji wote, yaani zile mashine pepe, na ule waya mmoja unaotoka nje. Akawasha mashine pepe ya kwanza. Ikaamka vizuri. Akawasha ya pili, hadi ya saba. Zikasalimiana. Akajaribu kuzifikia kutoka kwenye meza ya katibu muhtasi, kimya. Mashine kubwa yenyewe ilijibu, ila wapangaji wake hawakusikika nje ya nyumba.

Mzee Waya alijua sababu kabla shemeji hajamaliza kukuna kichwa.

Miaka kumi na moja nyuma, karani mmoja alichomeka kifaa chake kutoka nyumbani, akaiangusha ofisi nzima siku mbili. Mzee Waya alikaa na swichi hadi akaiwekea sharti: kila tundu, kadi moja. Kila mashine ina kadi ya mtandao, na kila kadi ina anwani yake. Tundu likizoea anwani moja, nyingine yoyote itakayopita hapo inatupwa kimya kimya, bila kengele. Alipewa barua ya pongezi, nayo ilikuwa bado ukutani ndani ya kioo. Sasa wapangaji saba, kila mmoja na anwani yake, walikuwa wanataka kutokea tundu la tatu, na tundu lilikuwa linamjua mwenye nyumba tu.

"Shemeji," jamaa aliuliza, "kwenye swichi hakuna sharti lolote?"

Nywila ya swichi ilikuwa kichwani mwa Mzee Waya peke yake. Alikohoa. "Swichi iko kama ilivyokuwa siku zote," alisema. Halikuwa neno la uongo, na hilo ndilo alilojiambia njiani kurudi nyumbani.

Jumanne shemeji alilibomoa daraja akalijenga upya. Jumatano akalibomoa tena. Alibadilisha waya, akabadilisha kadi, akasoma kurasa hadi macho yakawa mekundu. Katibu muhtasi, ambaye zamani alikuwa akimmiminia Mzee Waya chai kabla ya wengine wote, alimpelekea jamaa kikombe cha kwanza, akamwekea na sukari bila kuuliza. "Kula kitu, mwanangu. Utaanguka."

Hata katika kushindwa anabembelezwa! Mzee Waya alijifungia, akafungua kumbukumbu za swichi. Mistari ilishuka mmoja baada ya mwingine: tundu la tatu, anwani ngeni, imekataliwa. Imekataliwa. Imekataliwa. Aliisoma kama mtu anayejikuna upele, kwa raha ambayo alijua itamwachia kidonda.

Alhamisi saa nne Mkurugenzi alikuja mwenyewe chumbani, nyuma yake katibu muhtasi na makarani wawili wenye hamu ya kuona mtu akiumbuka.

"Niko tayari," alisema Mkurugenzi.

"Mama, haziendi," shemeji alisema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Ndani zinasemezana, nje hazifiki. Nimejenga daraja mara tisa. Kosa ni langu, sijaliona tu."

Mzee Waya aliinamisha uso ili wasione furaha. Ilibaki hatua moja.

Mkurugenzi aliitazama swichi, sanduku la bati lililofifia rangi. "Na hiki kikongwe je? Kisije kuwa kimekufa hiki."

"Huenda, mama," shemeji alisema kwa unyonge. "Kina umri. Pengine kinapoteza vitu."

"Basi kitolewe, kitupwe pamoja na zile saba."

"Kinapoteza nini?" Mzee Waya alisikia mdomo wake ukisema. "Hakijapoteza kitu tangu nilipokifunga! Kinafanya nilichokiamuru! Kila tundu, kadi moja! Kimewakataa wote saba, hajapenya hata mmoja, siku tatu mfululizo, na kila mmoja kimemwandika kwa saa na dakika! Nani kasema kimekufa?"

Katibu muhtasi aliweka chini birika lake la chai.

"Siku tatu," alisema Mkurugenzi. "Ulijua."

Mzee Waya alitaka kusema swichi iko kama ilivyokuwa, lakini maneno hayo yalikuwa yamekwisha kazi. Alivuta kibodi, akaingiza nywila, akaandika amri moja fupi ya kuliondoa sharti. Shemeji alibonyeza mara moja. Mashine ya ramani ikajibu. Ya barua ikajibu. Zikafuatana zote, na karani mmoja akapiga makofi, kisha akajutia.

Mkurugenzi alinyoosha mkono. Mzee Waya aliutoa ufunguo wa chumba mfukoni, na Mkurugenzi akampa shemeji bila kugeuka.

Nyumbani Mama Pacha alikuwa amesimama jikoni, mgongo kwake.

"Nimesikia yote. Jana ndugu yangu alikuja hapa," alisema. "Akakaa kwenye hilo benchi. Akaniuliza, dada, nimemkosea nini shemeji? Nikamwambia huna kosa, shemeji yako hawezi kukufanyia ubaya. Nikaapa kwa ajili yako."

Mzee Waya alivua viatu mlangoni. Hasidi hana sababu, na hata angekuwa nayo, si ya kumpa mke.

Simu ililia. Mama Pacha aliitazama, akamsogezea kwa kidole kimoja. "Ni yeye."

"Shemeji," sauti ilisema, "ulipofungua tundu la tatu uliliacha wazi kabisa. Mtu yeyote anapita. Nataka tulirudishie sharti lako. Tuseme wanane, saba na mwenye nyumba, basi. Kesho uje unionyeshe amri."

"Ufunguo unao wewe."

"Ninao. Na kiti nimekurudishia mahali pake. Njoo, kaa wangu."

Simu ikakatika.

"Amesemaje?" Mama Pacha aliuliza.

"Amesema sharti libaki. Ananiita nikamfundishe." Alikaa kwenye benchi. "Baada ya yote haya, ananiita."

"Ndugu yangu huyu," alisema Mama Pacha, kwa ile sauti ya chini, ya polepole.

Mzee Waya aliisikia hadi mwisho. Hata katika kusamehe, jamaa alikuwa amemshinda.