Kivuli cha Kukaushia Mananasi

Jua lilipoanza kukolea, mjane alipanda juu ya paa na beseni la mananasi, akapanga vipande kwenye trei za wavu, kimoja kisilalie kingine. Alipomaliza alikiamkia kivuli cha mumewe, kilichojinyoosha kando ya tangi la maji. Kivuli kikajivuta, kikazifunika trei.

Mumewe alikuwa amezikwa msimu uliopita. Kivuli hakikwenda naye. Mwanzoni mjane alidhani kimechelewa tu, maana hata marehemu mwenyewe alikuwa mtu wa kuchelewa. Kilipozidi kukaa, akakipa kazi.

Na kazi kiliiweza. Vipande vya juani vilikauka upesi, lakini vilipauka na kukakamaa, na wa kwanza kuvionja walikuwa inzi. Vile vya kaushio la umeme, ambalo mumewe alilinunua kwa mbwembwe, vilifanya ngozi ngumu kabla maji ya ndani hayajatoka. Ukivitia koponi, muda si mrefu vinaota ukungu. Vya kivulini vilikauka taratibu, kwa upepo tu, vikabaki na rangi yake, na mtu akivitafuna alisikia harufu ya nanasi lililokatwa sasa hivi. Wateja waliuliza kama ndivyo vya kivuli cha marehemu. Wakijibiwa ndivyo, walichukua na vya kuwapelekea majirani.

Sifa zikamfikia shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu. Akaja na wazee wawili wa ukoo. Walikunywa chai, kisha wakamweleza mjane kwa upole kwamba marehemu hakuacha mtoto, kwa hiyo nyumba inarudi kwa ukoo. Mjane akasema nyumba hiyo waliijenga pamoja, tofali kwa tofali. Wazee wakakubali kwamba wanalijua hilo. Mmoja wao alisaidia hata kupiga plasta.

Shemeji hakutaka kuonekana mdhulumaji. Akawapandisha wote juu ya paa.

"Mdogo wangu," alikiambia kivuli, "tunaichukua nyumba. Unaridhia?"

Kivuli kikatikisa kichwa kukataa. Kila mtu aliona. Mzee mmoja akasema marehemu ana haki ya kutoa maoni, ila uamuzi ni wa walio hai. Wakashuka kumalizia chai.

Mjane akahamia chumba cha kupanga, mtaa wa nyuma. Shemeji akahamia nyumbani na mkewe, wakapanga trei kama walivyoona zikipangwa. Vipande vikapauka. Wakajaribu kaushio, vikaota ukungu. Kumbe kivuli kilikuwa kimemfuata mjane, kimejibana ukutani kati ya kitanda na jiko.

Shemeji akaja kubisha hodi, akamwambia mjane kwamba yaliyopita si ndwele, aje wafanye kazi.

"Kazi nyumbani kwangu?" mjane akauliza.

"Nyumbani," akajibu shemeji.

Mjane akakitazama chumba. Pale chumbani hapakuwa na paa la kupandia wala mahali pa kuweka trei hata moja, na njaa haijui kususa. Akakubali.

Sasa mananasi ni mazuri kama zamani, na wateja wamerudi. Kila asubuhi mjane hupiga hodi, akangoja. Mke wa shemeji akimfungulia humwambia afute miguu kabla hajaingia. Mjane hufuta. Kivuli nacho hufuta.