Dubwana la Maharage

Aliyenitia hasira ni Sikuli. Mtu akikuahidi kurudi Jumamosi na Jumamosi ikapita, unamsamehe. Zikipita nyingi unaanza kununa kama mtoto aliyenyimwa andazi, na hakuna hata wa kukubembeleza.

Mimi ni Mluba wa Kananga. Serikali ilinileta Butembo kufundisha hesabu, kisha vita vikaikata nchi, serikali ikabaki upande wake na mimi upande huu. Mshahara haukuja tena. Barua za mama hazikuja tena. Wazazi wa wanafunzi walinilipa kwa walichokuwa nacho, na watu wa milimani Masereka walikuwa na maharage.

Sikuli, mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa Kalunguta, ndiye pekee aliyebisha mlango wangu bila kuwa na shida. Jumamosi tulicheza. Nilikuwa na boksi la mchezo wa mezani, zawadi ya profesa mmoja nilipokuwa chuoni: kitabu cha kanuni kwa Kifaransa na kete zenye pande nyingi. Mmoja anasimulia na kushika mazimwi, mwenzake anakuwa shujaa, kete zinaamua nani ameumia. Sikuli alikuwa shujaa. Mimi nilishika dubwana la pangoni, nikihesabu nguvu zake kwa vijiwe, mpaka Sikuli alipokataa, akiniita Maître, mwalimu, kama wanafunzi wetu.

"Mawe hapana, Maître. Weka maharagi. Nikipiga ile monstre, nipate kitu ya kutia mu chungu."

Alipopata kazi shule ya Mavivi, kule Beni walikokuwa mkewe Josée na watoto, dubwana lilikuwa limebaki na punje chache kikombeni. Na kanuni ya kitabu haina huruma: kiumbe kisichopigwa kinakua. Kila kikao kikipita bila vita, kinaongeza nusu ya nguvu zake.

"Usimuibie hata mbegu moja," Sikuli aliniambia akifunga mzigo kwenye baiskeli. "Akomee vile kitabu inasema. Nitarudia siku ya posho, nitamumaliza."

Kukomea kwao ni kukua, na posho ndiyo Jumamosi ya huku. Ahadi ni deni, lakini Sikuli hakuja. Barabara ya Beni ilijaa vizuizi, na kila kizuizi na wenyewe. Nilijua hivyo na bado nilikasirika, kwa sababu mpweke hataki kuelezwa habari za barabara. Nikaongeza nusu.

Mwanzoni ilikuwa punje mbili, punje tatu. Ila mwalimu wa hesabu anajua nusu juu ya nusu inakokupeleka. Kikombe kikajaa. Beseni likajaa. Nikatafuta mfuko. Kitabu kinasema kiumbe kikipanda ngazi, kwanza ngozi inakuwa ngumu na mishale inadunda, kisha kinapata akili, na juu zaidi kinajua kusema. Basi lilipofika ngazi ya kusema, tukaanza kuongea. Nililisalimu nikitoka shule. Nililisimulia Kananga, na jinsi mama anavyoimba akitwanga. Lilisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wangu. Baadhi ya jioni nililia mbele yake, na sioni aibu kusema.

Marie-Jeanne, jirani yangu, hakuona dubwana lolote. Aliona maharage.

"Maître, uko na mufuko muzima, na unakula bukari na chumvi? Muganga alikukatazaka?"

"Ni ya Sikuli," nikamjibu, tonge la ugali mkononi.

"Ngoja tu. Atakuta badudu bamemaliza."

Nikamfungia mlango. Kama Sikuli amenisahau, nilijiambia, basi siku akirudi atakuta kitu kitakachommeza mzimamzima.

Mwishoni mwa mwaka vita vikashuka kutoka upande wa Mambasa, watu wakaanza kukimbia. Mchana mmoja mwanamke alisimama mlangoni pangu, godoro kichwani, watoto wawili nyuma yake. Alisema anaitwa Josée. Nikachungulia barabarani nyuma yao. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Sikuli eko wapi?"

"Baaskari balimubebesha mizigo yabo, bakaenda naye njia ya Mambasa. Toka ile siku hatuyamuona." Alitua godoro. "Lakini alituambiaka: mambo ikiharibika, mwende Butembo kwa Maître Laurent. Kwake kuko monstre, inakomeaka wakati mimi siko. Mutaikuta mukubwa. Muikule yote."

Nilitafuta kiti nikakaa. Mjanja yule! Miezi yote nilidhani ninalisha hasira yangu, kumbe nilikuwa ninawatunzia wanawe chakula, na hakuniambia kwa sababu alijua ningekula.

Shalom, binti yake mdogo, alikuwa akiutazama mfuko kwa mbali.

"Inaumaka?"

"Iliumaka," nikasema. "Sasa utaiuma weye."

Marie-Jeanne alileta kuni na mawese bila kuombwa. "Muganga ameruhusu?" akanicheka. Watoto walikula mpaka wakasinzia na vijiko mkononi. Tukaendelea kulila dubwana siku baada ya siku. Nyumba ilijaa kelele, na bado kila Jumamosi kiti kilichoelekea changu kilikaa kitupu. Josée alipitia kando yake, akakaa mkekani.

Siku moja aliugeuza mfuko juu ya chungu, akaukung'uta.

"Imeisha."

Nikauzuia mkono wake kabla hajamimina maji. Nikaokota punje chache chunguni, nikazirudisha kwenye kikombe cha zamani. Nikamweleza kanuni: dubwana likiisha, hadithi imefungwa. Sikuli aliapa kulimaliza mwenyewe. Asipolikuta, atarudi kufanya nini?

Josée alizitazama zile punje. Watoto hawakushiba jioni ile.

Jumamosi mzazi mmoja aliniletea maharage kidogo. Kabla ya kuwasha moto, Josée alihesabu nusu ya zile za kikombeni, akaiongezea humo kwa mkono wake.