Kaa la Moto Asubuhi ya Mei

"Shoga, hunipi hata kaa moja la moto nikawashe kwangu?" Sive, jirani yake Gobnait, aliuliza, akiwa ameshaingia jikoni.

Gobnait aliacha kusukasuka maziwa. Kijijini kwao Kerry, siku ya kwanza ya Mei moto hautolewi nyumbani. Ukitoka, huondoka na siagi ya mwaka mzima. Naye mjane alimtegemea ng'ombe mmoja tu, na maziwa aliyoyasukasuka tangu alfajiri yalikuwa yamekataa kutoa siagi.

"Kwanza shika mchi huu wa kusukia maziwa, jirani. Aingiaye hutia mkono, akaibariki kazi; asiye mwizi wa siagi haogopi."

"Kumbe umeniona mchawi?" Sive alicheka.

"Shika tu, mama. Sema Mungu abariki."

Kicheko kilikatika. Sive aliutazama mchi, akaficha mikono ndani ya shali, akatoka bila kaa la moto.