Nani Amwamkie Nani

Mwalimu Melkizedek, aliyefundisha fizikia Kilosa kwa miaka thelathini, alikuwa na jibu la kila kitu, hata la mambo ambayo hakuna aliyemuuliza. Siku hiyo jibu lilihusu mbingu.

"Nyota ni nyingi kuliko mchanga wa mto Mkondoa," alimwambia binti yake Naomi, aliyekuwa akichambua mchele barazani. "Lazima huko kuna viumbe wenye akili. Mbona hatujawasikia? Kwa sababu wataalamu wetu wametega masikio tu, hawasemi kitu. Na huko nao wametega masikio. Kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Upumbavu mtupu!"

"Kama wewe na babu Gabrieli," alisema Naomi, bila kuinua macho kwenye ungo.

Mwalimu alikohoa. Hayo, alisema, ni mambo ya adabu, si ya sayansi. Nyani haoni kundule, hata umpe darubini.

Adabu yenyewe ilikuwa hivi. Gabrieli wa Mikumi alikuwa kitinda mimba katika ndugu za marehemu baba yake Mwalimu, kwa hiyo ni baba yake mdogo. Lakini Melkizedek alimzidi miaka mitatu. Miaka mitano nyuma walikutana msibani Kidete, wakasimama uso kwa uso. Mmoja alingoja shikamoo kwa haki ya ukoo, mwenzake kwa haki ya umri. Walingojana mpaka jeneza likapita katikati yao. Tangu hapo Kilosa na Mikumi hazikusikilizana tena.

Sasa juu ya kabati kulikuwa na barua ya posa ya Naomi, kutoka kwa watu wa Optatus wa Msowero. Ilikaa miezi mitatu bila kufunguliwa, kwa kuwa katika ukoo ule barua ya posa hufunguliwa na mzee wa ukoo, na mzee aliyebaki ni Gabrieli. Naomi alimpenda Optatus. Kila alipoifuta vumbi ile bahasha, aliishika kidogo kabla ya kuirudisha. Mwalimu alimwonea huruma, tena sana, ila si kiasi cha kushusha shingo.

Hatimaye Naomi alichukua simu ya baba yake, akapiga Mikumi. Ilipopokelewa tu, akaibandika sikioni mwa baba yake. Mwalimu alisikia pumzi za mtu mzima, nzito, zinazosubiri. Naye akapumua kwa heshima zake zote. Dakika nzima ikapita hivyo, kisha simu ikakatwa.

"Umeona?" alisema. "Hakuna mtu."

Wiki iliyofuata akaja mshenga, Mzee Nikolaus. Alikataa kiti, akakataa na maji.

"Watu wa Msowero wanaomba barua yao," alisema. "Wametuma neno mara tatu, kimya. Wakaona labda nyumba hii haina watu. Wameshapeleka posa Rudewa."

Naomi aliitoa mwenyewe, kwa mikono miwili, akaingia chumbani na kufunga mlango. Kilio chake hakikuhitaji mitambo ya kukinasa. Mwalimu alisimama akikisikiliza. Akachukua simu.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema upesi, kabla shingo haijakumbuka.

"Marahaba, mwanangu!" Sauti ya Gabrieli ilitetemeka kwa furaha. "Miaka mitano! Nasikia Naomi wetu kaposwa. Nakuja kesho na basi la kwanza, tuifungue hiyo barua."